Nasaba za Kisiwa cha Idjwi

Katika miji ya pwani, mtu atakaye kujua usuli wa ahali yake huwa na mahali pa kuanzia: Kilwa ina habari za masultani wake zilizoandikwa tangu karne ya 16, Pate ina tarehe ya Wanabahani, na katika nyumba nyingi za Lamu na Unguja imo shajara iliyokunjwa sandukuni, yenye majina ya mababa yanayofuatana moja baada ya jingine hata kumfikia yule wa kwanza aliyeshuka chomboni. Katika kisiwa cha Idjwi, kilichoko katikati ya ziwa Kivu, mbali na kila bahari, wazee hawakuacha kitabu cha namna hiyo. Na walakini ni vigumu kutaja mahali katika mashariki ya Kongo ambapo habari za nani alitoka wapi, alivuka zama zipi, na alipokewa na nani, zimeshikwa kwa uangalifu kuliko hapo. Nataka kueleza nasaba hizo zimehifadhiwa wapi, na kwa nini anayezitafuta kwa tamaa ya kupata damu moja isiyochanganyika atakosa kile kilicho bora ndani yake.

Idjwi ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika maziwa ya Afrika, kikitanguliwa na Ukerewe, na maji yanayokizunguka yameinuka juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,460. Mashariki yake iko Rwanda. Magharibi iko nchi ya Bahavu wa Kalehe. Kusini, ng'ambo ya ziwa, iko Bushi na mji wa Bukavu. Na upande wa kaskazini boti hufuata njia ya Goma. Kiserikali ni wilaya ya mkoa wa Kivu ya Kusini, makao yake yakiwa Bugarula, nayo imegawanyika katika milki mbili za kimila, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini, kila moja ikiwa na mtawala wake, yaani mwami, na wami hao wawili wakiwa wa shina moja. Tangu zamani mitumbwi ilivuka kila ziwa lilipotulia, ikichukua mbuzi, vyakula, majembe, na zile bangili za nyuzi zilizosukwa, ziitwazo butega, ambazo Batembo wa milima ya magharibi walizitengeneza na ambazo katika karne ya 19 zilipokewa kama fedha pande zote mbili za maji. Na palipopita bidhaa walipita pia wakwe, wadeni, waganga, na watu waliogombana na watawala wao.

Waanzilishi wa nchi hii, basi, walikuwa watu wa kuvuka. Kwa mapokeo ya wakazi wenyewe waliotangulia wote ni Bambuti, watu wa msitu na uwindaji, nami nitarejea kwao mbele. Baada yao, hasa tangu mwisho wa karne ya 18, walikuja wakulima na wafugaji kutoka kila upande: wengine kutoka Kinyaga na Rusenyi, ambazo leo ni magharibi ya Rwanda, wengine kutoka Bushi, wengine kutoka mwambao wa Buhavu. Hawakuja kwa jeshi wala kwa amri ya mfalme. Walikuja nyumba moja moja, ndugu na ndugu yake, mtu na mkwewe, baadhi yao wakiiepuka nguvu ya ufalme wa Rwanda uliokuwa ukienea kuelekea magharibi, wakafyeka pori, wakapanda migomba, wakazika wafu wao, na kila nyumba ikashika kilima chake bila ya kumtambua mkubwa mmoja juu ya kisiwa chote. Mapema katika karne ya 19 akaja Mwendanga, wa nyumba ya Basibula iliyotawala Bahavu wa bara, na kwake ukaanza ufalme wa Idjwi. Maana yake ni kwamba mfalme hakuwakuta watu wasio na historia. Aliwakuta wenyeji waliokwisha kukaa, wenye makaburi na mipaka na mapatano yao, na ufalme wake ukasimama kwa kukubaliwa nao.

Kwa elimu hii tunawiwa kwanza na wazee wa kisiwa waliokubali kusema, na pili na Mmarekani David Newbury, aliyekaa Idjwi mapema katika miaka ya 1970, akazunguka vilimani akisikiliza watu wa kila ukoo, si wa nyumba ya mwami tu, kisha mwaka 1991 akachapisha kitabu kiitwacho Kings and Clans, ambacho mada yake ni miaka ya 1780 hata 1840 katika kisiwa hiki na mwambao wa ziwa. Kazi hiyo haikutokea patupu. Tangu mwaka 1947 ilikuwako Lwiro, si mbali na Bukavu, taasisi ya utafiti wa sayansi katika Afrika ya Kati, na miongoni mwa waliofanya kazi chini yake alikuwamo Jan Vansina, ambaye mwaka 1961 alitoa kitabu kilichoufundisha ulimwengu wa wasomi kuyapima mapokeo ya mdomo kwa taratibu ile ile ya kupima hati. Na Newbury alikuwa mwanafunzi wake. Katika Bukavu yenyewe, Chuo cha Ualimu kilikuwa na wanahistoria wenyeji, Bishikwabo Chubaka akiwa mmoja wao, waliochunguza falme za Bushi na Buhavu wakiwa watoto wa nchi hiyo hiyo, na jarida la chuo likachapisha kazi nyingi za namna hiyo. Mtafutaji wa leo asiyejua kwamba karatasi hizi zipo hudhani kwamba kila kitu kimepotea na wazee, na dhana hiyo humfanya akate tamaa kabla ya kubisha hodi.

Jambo kubwa alilolithibitisha Newbury ni hili, nalo lastahili kuelezwa kwa utulivu. Tumezoea kudhani kwamba koo ni za kale kuliko falme, kwamba kwanza palikuwako na damu, kisha damu zikakusanyika zikaunda dola. Idjwi yaonyesha mwendo tofauti. Watu waliofika kisiwani kwa nyakati mbalimbali na kutoka mahali mbalimbali, ambao huenda walikotoka hawakuhesabiana kuwa ndugu, walikuja kujitambua kuwa Banyakabwa, au Banyambiriri, au Balega, au Bashaho, au Baloho, au Beeru, au Babambo, kwa kadiri walivyoshika nafasi zao mbele ya ufalme na mbele ya jirani zao. Ukoo uliokuwa na maana ndogo ukawa jina kubwa kwa sababu ulipewa kazi katika ibada za mwami. Watu waliokuwa na majina mawili wakachukua moja. Nyumba zilizoketi karibu zikaunganishwa na kumbukumbu ya safari moja. Katika Rwanda ya jirani pia, ambako mwaka 1971 Marcel d'Hertefelt alihesabu koo 18 kubwa, iligunduliwa kwamba ndani ya jina moja la ukoo wamo Wahutu, Watutsi na Watwa pamoja, jambo ambalo haliwezekani kuelezwa kwa damu peke yake.

Msomaji asidhani kwamba nasaba za Idjwi ni za uwongo. Ni za kweli kabisa, lakini kweli yake ni kweli ya mapatano. Mzee asemapo kwamba babu yake wa nne na babu wa jirani yake walivuka katika mtumbwi mmoja, huenda anahifadhi tendo la siku moja, na huenda anahifadhi karne nzima ya kuoana, kusaidiana kujenga, na kusimama upande mmoja katika magomvi. Na katika hali zote mbili ametuambia jambo lenye maana kuhusu waliokuwa pamoja. Kwangu mimi habari ya pili si duni kuliko ya kwanza. Daftari la Ulaya, ambalo Uingereza ililianza katika parokia zake mwaka 1538, laweza kukuambia kwa usahihi nani alimzaa nani, lakini halikuambii nani alimkaribisha nani.

Mahali ambapo mapatano hayo yalionekana kwa macho ni katika Muganuro, sikukuu ya malimbuko, ambayo mwami alikuwa akiisimamia mavuno mapya yalipokuja. Rwanda nayo ilikuwa na ibada ya jina la karibu na hilo, iliyofanywa kwa ulezi na mtama kwa taadhima kubwa ya baraza la mfalme. Lakini ile ya Idjwi, kwa udogo wa nchi, ilikuwa karibu na watu, na kila ukoo uliohusika ulikuwa na wajibu wake usioweza kutendwa na mwingine. Anayeleta kitu fulani lazima awe wa ukoo fulani. Anayekipokea, anayekaa karibu na mwami, anayengoja nje, wote wamewekwa na desturi. Tazama basi hekima iliyomo: nchi isiyokuwa na maandishi iliweka orodha ya koo zake katika mpangilio wa siku moja ya mwaka, na mtu aliyehudhuria, hata akiwa mtoto, alirudi nyumbani akiwa amesoma katiba yote ya kisiwa bila ya kufunguliwa kitabu. Mwandishi wa nasaba ambaye hamwulizi mzee, "Watu wako walikuwa na kazi gani katika Muganuro?" ameacha swali la kwanza akaenda kwenye la mwisho.

Hapa yatupasa kupambanua Idjwi na jirani yake mkubwa. Katika baraza la Rwanda palikuwako na mafundi wa nasaba, abacurabwenge, ambao kazi yao ilikuwa kushika kwa moyo silsila ya wafalme na mama zao, na kuitamka pasipo kubadili. Na padri Alexis Kagame alipoanza kuchapisha Inganji Karinga mwaka 1943, aliyategemea sana maarifa ya watu wa baraza la namna hiyo. Matokeo yake ni nasaba ndefu, iliyonyooka, iliyosafishwa, na iliyosemwa kutoka katikati ya nchi kwa macho ya waliotawala. Idjwi haikuwa na chama cha mafundi kama hicho. Habari zake zilitawanyika: sehemu iko kwa mzee wa ukoo, sehemu iko kwa shangazi aliyeolewa kilima cha pili, sehemu kwa wale wa matambiko, sehemu kwa jirani aliyeshuhudia ng'ombe akitolewa kwa ajili ya shamba. Kutawanyika huku humchosha mtafutaji, kwa kuwa hawezi kuketi mahali pamoja akapewa kila kitu. Lakini kunamlinda pia, kwa sababu hapakuwapo na mtu mmoja mwenye uwezo wa kulifuta jina asilolipenda katika vinywa vyote.

Nimetaja ng'ombe wa shamba. Katika Bushi na Buhavu mtu alipata haki ya kudumu juu ya ardhi kwa mapatano yaitwayo kalinzi, ambayo kwayo mifugo hutolewa kwa mwenye nchi mbele ya mashahidi, na haki hiyo ikarithiwa na wana. Kwa ajili hiyo kila shamba la kalinzi lina nasaba yake iliyo sambamba na nasaba ya watu: nani alitoa, nani alipokea, nani alishuhudia, na nani akarithi. Wazee wasiokumbuka jina la babu wa tano wanaweza kulikumbuka kwa njia ya mpaka wa shamba lake, na kesi za mashamba mbele ya wami na mahakama za kienyeji zimeacha, mahali palipoandikwa, vizazi vitatu au vinne vilivyotajwa na pande mbili zinazopingana, jambo ambalo kwa mwanahistoria ni neema kuliko ushahidi wa upande mmoja uliokubaliwa na wote.

Kuna pengo moja ambalo hakuna nasaba ya Idjwi inayolivuka bila ya alama, nalo ni zama za Rwabugiri. Mfalme huyo wa Rwanda alikipigia kisiwa vita vya mara kwa mara, akiwa na makao yake ng'ambo kwenye rasi ya Nyamirundi ambako maji ni membamba, hata Kabego, mwana wa Mwendanga, akauawa, na kisiwa kikaingia katika mkono wa Rwanda. Nkundiye, mwana wa Kabego, alikuwa amesimama upande wa Rwabugiri, akapewa nchi, kisha wakakosana, naye akaangamizwa. Watu wengi walikimbilia mwambao wa magharibi. Wengine waliletwa kutoka Rwanda. Wengine wakabadili jina la ukoo kwa usalama wao. Rwabugiri alipofariki mwaka 1895, katika safari ya vita dhidi ya Bushi, mkono huo ulilegea, na Mihigo, wa nyumba ile ile ya Mwendanga, akarudi kutoka ng'ambo kuushika ufalme. Asemapo mzee wa leo kwamba watu wake "walirudi", ulizeni walirudi kutoka wapi, kwa maana kurudi huko ndiko kunakoziunganisha jamaa za Idjwi na za Kalehe hata sasa.

Mwaka mmoja kabla ya kifo hicho, 1894, Count von Götzen alikuwa amefika ziwani akitokea mashariki, Mzungu wa kwanza kuliona Kivu. Baada yake walikuja wapimaji wa Ujerumani na wa Dola Huru ya Kongo, kila upande ukidai kwamba kisiwa ni chake, na ramani za Kijerumani zikakiita Kwidschwi. Mapatano ya mwaka 1910 yalikitoa kisiwa kwa Ubelgiji na kupitisha mpaka kati yake na Rwanda. Tarehe 24 Septemba 1914 Wajerumani chini ya kapteni Wintgens wakakiteka, wakakaa hata Wabelgiji walipowasukuma mwaka 1916. Kwa majeshi hayo Idjwi ilikuwa kituo cha kulinda maji. Kwa watu wake ulikuwa ni msiba wa namna nyingine, maana mama aliyezaliwa Nyamirundi na mumewe aliyezaliwa ng'ambo ya mlango huo wa maji, mwendo mfupi wa kasia, walijikuta kuwa raia wa mamlaka mbili, na watoto wao wakaandikwa katika daftari zisizojuana.

Daftari hizo ndizo nataka kukaa nazo kidogo, kwa kuwa vijana wa Idjwi wanaoishi Bukavu, Goma, na nchi za mbali huzisahau. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 2 Mei 1910 juu ya milki za kienyeji ilimtaka kila mtu awe chini ya milki fulani, na nyingine ya tarehe 5 Desemba 1933 ikazipanga upya milki hizo. Kutokana na sheria hizi zilitokea hesabu za watu kijiji kwa kijiji, kadi za walipa kodi, na taarifa za maofisa waliochora mashina ya nyumba za wami ili wajue ni nani mwenye haki ya kurithi. Sehemu kubwa ya karatasi za juu za utawala wa kikoloni imo Brussels, na makumbusho ya Tervuren nayo yamehifadhi taarifa nyingi za mila. Zisomwe, walakini zisomwe kwa hadhari, kwa sababu ofisa aliyechora shina la mwami alikuwa na kazi ya kumchagua mtu wa kufanya naye shauri, na mara nyingi mstari uliopendelewa ulichorwa mnene na ule mwingine mwembamba. Fauka ya hayo, tangu mwaka 1928 ardhi nyingi ya Kivu iliwekwa chini ya halmashauri iliyogawia mashamba walowezi na makampuni; katika Idjwi kampuni ya Linea ilishika ardhi pana; na watu waliohamishwa au kuajiriwa huko hutajwa katika karatasi za mashamba kwa jina moja na namba, bila baba wala ukoo. Hao ndio wagumu kuliko wote kuwafuata.

Vilivyo bora kuliko vyote vya serikali ni vitabu vya Kanisa. Mapadri Weupe, shirika lililoasisiwa Algiers mwaka 1868, walikuwa na kanuni ya kuandika shajara ya kila misheni siku kwa siku, na nakala zake zimehifadhiwa Roma. Tena hawakumbatiza mtu mzima ila baada ya mafundisho ya miaka minne, kwa hiyo jina la mkatekumeni laweza kuonekana miaka kadha kabla ya ubatizo wake. Katika kitabu cha ubatizo huandikwa jina, mahali, baba, mama, na msimamizi wa ubatizo. Na sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza kwamba kipaimara na ndoa ya mtu huyo viandikwe pembeni mwa mstari wake, hata kama amefunga ndoa katika parokia nyingine, na kwamba nakala ya vitabu vya parokia ipelekwe kila mwaka kwa askofu. Faida ya maagizo haya kwa mjukuu ni kubwa mno. Kitabu cha Kashofu au cha Bumpeta kikiwa kimeliwa na mchwa au na unyevu, bado yafaa kuulizia Bukavu, ambako makao ya Vikarieti ya Kivu, iliyoanzishwa mwaka 1929, yalikua kuwa jimbo kuu mwaka 1959. Na kwa vizazi vya mwanzo mtafutaji asisahau Katana, misheni kongwe ya mwambao wa magharibi. Makanisa ya Kiprotestanti nayo yana daftari zao, na familia zenye ndugu wa madhehebu mawili hupata mara nyingi katika kitabu kimoja kile kilichokosekana katika kingine.

Msimamizi wa ubatizo, ambaye wengi humruka kwa haraka ya kulifikia jina la baba, ni ushahidi wa thamani. Katika kizazi cha kwanza cha Wakristo, ndugu wa damu aliyebatizwa tayari alikuwa nadra, basi aliyesimama karibu na mtoto alikuwa aghalabu jirani, katekista, au rafiki wa safari. Na mtu akiyapanga majina ya wasimamizi wa kilima kimoja kwa miaka kumi, atauona ule ule mtandao wa kupokeana ambao wazee waliueleza kwa habari ya mitumbwi.

Kisha ikaja taabu ya majina. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu, katika siasa yake ya uhalisi, iliwalazimisha raia kuacha majina ya Kikristo na kuchukua ya kienyeji. Basi mtu aliyeandikwa parokiani kwa jina la mtakatifu na jina moja la nyumbani, akaandikwa serikalini kwa majina matatu, pengine lile la babu, pengine jipya kabisa, na baada ya mwaka 1990 akarudia la kwanza. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja, waliozaliwa kati ya 1965 na 1980, waweza kuwa hawana hata jina moja la kushirikiana katika karatasi. Hesabu kamili ya mwisho ya watu wa nchi ilifanywa mwaka 1984. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 iliagiza mtoto aandikwe katika siku 30, nayo marekebisho ya mwaka 2016 yakaongeza muda huo kuwa siku 90, lakini mama wa kilimani mwenye siku chache za kujifungua na safari ndefu ya miguu kwenda ofisini hawezi kulaumiwa kwa kuchelewa, na watoto wengi wa Idjwi wamekua bila cheti. Ndiyo maana namsihi kila mwenye wazazi hai aandike leo majina yote ya kila mtu, pamoja na lile aliloitwa utotoni, na mahali kila moja lilipotumika.

Nasema haya kwa moyo mzito zaidi kwa sababu katika Kivu nasaba imekuwa silaha. Sheria ya uraia ya mwaka 1981 ilimtaka mtu aonyeshe kwamba asili yake ni katika makabila yaliyokuwa ndani ya mipaka ya Kongo tarehe 1 Agosti 1885. Fikiri maana ya swali hilo kwa kisiwa hiki. Katika mwaka ule hakuna Mzungu aliyekuwa ameliona ziwa Kivu, mpaka wa maji ulikuwa bado miaka 25 kabla haujakatwa, na aliyekuwa akikisumbua kisiwa ni Rwabugiri. Babu wa Idjwi wa siku zile angaliweza kujibu yeye ni mtu wa nani, na alivukia wapi, na ng'ombe wake alimpa nani, lakini swali la Kongo lisingaliingia akilini mwake. Sheria ya mwaka 2004 iliiacha tarehe hiyo ikashika ile ya uhuru, 30 Juni 1960. Walakini tabia ya kuuliza imebaki, na nimeona kwa huzuni jinsi vijana wanavyoyakata matawi ya mashina yao wenyewe, wakificha bibi wa Kinyaga au mjomba wa Rusenyi, ili shina lionekane limenyooka. Bibi huyo ni sehemu ya haki yao ya kuwa watu wa kisiwa, kwa kuwa kisiwa kiliundwa na wenzake.

Tena wako Bambuti, ambao kila mapokeo yanawataja kuwa wa kwanza na karibu kila karatasi inawasahau. Msitu walioutegemea umekatwa kwa ajili ya mashamba; ardhi ya kalinzi hawakuipata kwa wepesi, kwa kuwa hawakuwa na ng'ombe wa kutoa; na kwa kuwa ushahidi wa nasaba, kama nilivyoeleza, umefungamana na shamba na mpaka, watu wasio na shamba wamekosa pia mahali pa kutundika majina ya babu zao. Hata hivyo katika simulizi za koo nyingine wamo: ndio walioonyesha njia, ndio waliokuwa na desturi zao mbele ya mwami. Mwandishi mwaminifu atawaendea wao wenyewe kwanza, awasikilize kwa lugha yao na kwa saa zao, na ayaandike majina yao mwanzoni mwa kitabu.

Mwenye kuianza kazi hii aandike, juu ya kila habari, jina la msemaji kwa idhini yake, ukoo wake, kilima chake, siku, na ni nani wengine waliokuwa wameketi hapo wakisikiliza, kwa sababu mzee husema kwa namna moja mbele ya wanawe na kwa namna nyingine mbele ya wakwe zake. Asiyasawazishe maneno. Atakutana na watu wa ukoo mmoja, wa kusini wakisema walitoka Bushi, na wa kaskazini wakisema walitoka Rwanda, kila upande ukiwa na jina la babu na jina la mahali aliposhukia. Na atashawishika kumtafuta mkweli ili amwache mwingine. Aziandike zote mbili, katika ukurasa mmoja, zikiwa na majina ya waliozisema, kisha aende kilima kinachofuata.